Eti Nililipwa Kucheza Baiskeli

Juzi nimeona tangazo la kazi. Hoteli moja ya milimani inatafuta waongozaji wa baiskeli kwa msimu ujao: "Njoo ulipwe kwa kufanya unachokipenda!" Nilicheka peke yangu hadi nikapaliwa. Kazi hiyo nimeifanya msimu mzima, na nilichokipenda nilikuwa nakifanya jioni ya siku yangu ya mapumziko, tena miguu ikiwa haina hamu.

Tuelewane, kazi yenyewe si mbaya. Kuna asubuhi ukungu unafunguka mmesimama kileleni, udongo una unyevu kiasi kile tairi inachokitaka, na watu sita nyuma yako wamenyamaza kimya. Hilo nakubali. Aliyeandika lile tangazo naye analijua, ndiyo maana ndilo analoliuza. Mshahara siutaji, ulikuwa wa kutajwa kwa kunong'ona.

Ila mwongozaji haendeshi baiskeli, jamani. Anasubiri. Anateremka hatua mbili, anasimama, anageuka, anahesabu vichwa. Alfajiri amekwishapima upepo wa tairi kumi na nne, amekaza ekseli, amechungulia pedi za breki moja moja. Na hayo bado ni madogo. Kazi hasa ni kumtazama mtu usiyemjua kwa dakika tano, kisha uamue ni njia gani leo hatapita.

Hapo fomu haikusaidii. Mgeni anaulizwa: unaanza, wa kati, au mzoefu? Basi, majibu yake ni ngano tupu. Mtu amepanda baiskeli utotoni, akaanguka, akaacha, leo anaandika "mzoefu" kwa herufi kubwa. (Wanaojiandika "wa kati" mara nyingi ndio wanaojua.) Kwa hiyo mimi nilikuwa siisomi. Nilikuwa nawapeleka kwenye kimteremko kifupi cha changarawe: simama juu ya pedeli, ziweke usawa mmoja, kidole kimoja kwenye breki, tazama mbali, piga kona. Anayeteremka huku amekaa kitako, viwiko vimekakamaa, macho yameganda kwenye gurudumu la mbele, huyo amekwishanijibu.

Mwezi wa pili wa msimu akaja mmoja wa namna hiyo. Mzoefu, kwa mujibu wa fomu. Amelipia njia nyeusi, ile ngumu; ya buluu ni nyepesi zaidi, na ya kijani ndiyo rahisi. Nikamwambia kwa upole, kaka, leo twende ya buluu, kesho tutaona. Hakubishana. Alikwenda zake mapokezi, na baada ya dakika kumi meneja akanipigia kwenye redio: "Mteja ameshalipia nyeusi, mpeleke nyeusi. Wewe muangalie tu."

Muangalie tu! Kana kwamba macho yangu ni kamba.

Nikampeleka. Naandika hivyo makusudi, kwa sababu meneja hakuwepo mlimani, nilikuwepo mimi.

Tangu juu alikuwa ameburuza breki, hakuachia hata kidogo. Breki za diski ukizishika kwa mkupuo mfupi kabla ya kona, zinapata nafasi ya kupoa. Ukizining'inia njia nzima zinachemka, zinanuka, na nguvu inapungua pale unapoihitaji. Si jambo geni. Wale vijana wa Marin County, California, walioanza kushindana mwaka 1976 kwa baiskeli kuukuu, breki zao za kukanyaga nyuma zilikuwa zikipata moto hadi grisi ndani ya habu, kile kitovu cha gurudumu, inageuka moshi. Wakifika chini inabidi wajaze grisi upya, na mashindano yenyewe wakayaita Repack, yaani kujaza upya. Diski za leo ni nzuri mara nyingi zaidi, lakini kidole cha mtu mwenye hofu ni kilekile.

Nilisimamisha kundi mara mbili, breki zipoe, na yeye apumue. Kituo cha tatu hatukufika. Baada ya kona ya kushoto kuna mizizi. Akaiona, akabana breki ya mbele yote, akapita juu ya usukani. Mtulinga, ule mfupa kati ya shingo na bega, ukavunjika. Mlio wake niliusikia. Mwongozaji wa nyuma hatukuwa naye, alikuwa ameondolewa wiki mbili kabla ili kubana matumizi, kwa hiyo nilikuwa na majeruhi mmoja, wageni watano na redio inayokatika.

Alikuwa amekaa chini amekumbatia kiwiko chake. Akaniambia, "Samahani bosi, nimekuharibia siku." Yeye ndiye aliyeniomba samahani mimi! Nilikosa la kumjibu. Mpaka leo sina.

Haya, najua mtakayosema. Hoteli ni biashara. Mgeni akinuna, harudi. Na wapo waongozaji wavivu wanaojificha nyuma ya neno "usalama". Nilifanya kazi na mmoja aliyekuwa anawashusha wote kwenye njia ya kijani ili awahi chakula cha mchana. Sawa. Mfukuzeni huyo. Lakini nahodha akisema bahari imechafuka, abiria hakimbilii kwa karani wa tiketi ili chombo kiondoke. Ukienda kwenye usaili wa ile kazi, usiulize juu ya baiskeli wala malazi. Uliza: nikimkataza mgeni njia fulani, nani anaweza kunipindua? Kisha mtazame anayekuhoji usoni.

Jioni ile nilijaza fomu ya ajali. Ilikuwa na nafasi ya hali ya hewa, hali ya njia, hali ya baiskeli. Nafasi ya "mwongozaji alikataa" haikuwepo, nikaandika pembeni kwa kalamu. Kesho yake nikaitwa kuisaini. Ilikuwa imechapwa upya, safi kabisa, na pembeni hapakuwa na kitu.