Kupima Ni Ghali, Jamani

Hivi nani alianzisha huu uvumi kwamba maskini anaishi kwa bei rahisi? Namtafuta. Nikimpata namkabidhi pochi yangu kwa mwezi mmoja tu, halafu aje tuongee vizuri.

Mimi ni mlinzi wa geti hapa Dar es Salaam, huko Masaki kwa matajiri, nyumbani kwangu Mbagala uswahilini, na ninachosema nina ushahidi nacho. Bosi ananizidi kwa kila kitu, sibishi. Ananizidi nyumba, gari, kitambi na hata usingizi. Lakini kwenye bei ya kitu kimoja kimoja, mimi ndiye nalipa kama waziri.

Msinitazame hivyo. Bili zake zinapita mkononi mwangu. Msoma mita ya maji akija, karatasi ananiachia mimi. Na mlinzi wa zamu ya usiku asiposoma karatasi za watu atasoma nini, mbu?

Basi tuanze na hayo maji. Bosi anauziwa kwa uniti, na uniti moja ni lita 1,000, bei yake haifiki elfu tatu. Kwetu bomba lipo, tena zuri, limepita mbele ya mlango kabisa, kazi yake ni kutoa upepo. Ukilifungua linakohoa. Kwa hiyo tunanunua kwa kijana wa mkokoteni, dumu la lita 20. Siku dumu likiwa mia tatu, madumu 50 ndiyo uniti moja ya bosi, kwa hiyo hapo nimeshalipa 15,000. Halafu mimi naogea nusu ndoo, nimesimama kwenye beseni ili maji yanayodondoka yadekie. Bosi anamwagilia majani. Yale majani ya uani yananyweshwa maji ya bei rahisi kuliko ninayokunywa mimi, na kila asubuhi yananiangalia kwa dharau. Maji ya Masaki yakikatika, bosi anapiga simu, boza linaingia, mimi ndiye nafungua geti. Kwetu yakikatika nani atajua? Yalikuwa yanatoka lini?

Umeme ndio umenimaliza kabisa. Kuna bei ya wanyonge, wengi mnaijua. Ukitumia umeme usiozidi uniti 75 kwa mwezi, unauziwa uniti kwa shilingi 100, weka na kodi juu yake. Ukivuka, kila uniti ya juu inaruka hadi 350. Ukiendelea kuvuka wanakuhamishia kwa watumiaji wa kawaida, huko ni 292 toka uniti ya kwanza. Mpango mzuri, Mungu awabariki walioubuni. Ila hawakuwahi kupanga chumba uswahilini. Sisi nyumba moja tuna vyumba sita, familia sita, LUKU moja, yaani mita moja ya kulipia umeme kabla. Kila familia ina taa yake, feni yake ya kuvuta hewa ya moto kutoka kona hii kuipeleka kona ile, na kuna mama mmoja ana friji la kuuzia barafu na lambalamba. Ukitujumlisha, uniti 75 zinaisha mwezi haujajua kama umeanza. Kwa hiyo kwenye mtambo sisi maskini sita tukijumlishwa tunakuwa tajiri mmoja.

Sasa sikilizeni. Kwa bosi, uani, kuna nyumba ndogo. Nasema nyumba ya wageni, acheni kucheka. Ile nyumba ina mita yake, wageni wenyewe wanakuja Krismasi, kinachowaka ni taa mbili za nje. Iko kwenye bei ya wanyonge! Jengo lisilolala mtu linaonewa huruma, sisi tunaolala saba chumba kimoja tunatozwa kama kiwanda.

Na hatujamaliza na hiyo LUKU. Toka Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa humo humo. Ilianza elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 2023 ikawa elfu moja mia tano. Mimi sina jengo. Sina hata banda la kuku. Lakini zamu yangu ya kununua umeme ikifika mwanzo wa mwezi, nalipa kodi ya jengo la mtu mwingine, ambaye pia namlipa kodi kwa kulala ndani yake. Nilimkumbusha mwenye nyumba kwamba ile hela namdai yeye. Na yeye akanikumbusha kwamba pango langu linaisha mwezi ujao, na kuna kijana ana mkataba wa kazi benki amekiulizia chumba. Tukaagana kwa heshima.

Pango lenyewe mnalijua: miezi sita mkononi, na dalali mwezi wake. Anayelipwa mshahara usio na tarehe, mara wiki mbili mbele mara wiki mbili nyuma, ndiye anatakiwa awe na hela ya nusu mwaka kwa mkupuo. Bosi mwenye mshahara mnono analipiwa nyumba na kazini kwake. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamuuliza dereva wake. Akasema ndivyo, na mafuta ya gari analipiwa, na vocha ya simu. Sasa jamani ule mshahara anaupeleka wapi?

Nahama hapo, nisije nikafa kwa presha, na bima sina.

Dukani kwa Mangi, pale kwetu, kila kitu kinapimwa. Mafuta ya kula yanapimwa kwa kikombe cha kahawa. Sukari robo. Mkaa kopo. Sabuni ya unga kipakti. Pampas moja moja, mtoto akiharisha mara ya pili ni juu yake. Mkaa wa gunia ukiugawa kwa makopo, kopo linatoka nafuu sana, najua, nilisoma hesabu mpaka la saba. Lakini gunia linataka hela ya gunia siku hiyo hiyo, na mimi siku hiyo nina hela ya kopo. Mke wa bosi anakwenda supamaketi, ananunua mafuta dumu zima, sabuni katoni, na akinunua mbili anapewa ya tatu bure. Bure! Mtu mwenye hela ya kununua tatu anapewa moja ya bure. Mimi nilimwomba Mangi aniongezee kidogo kwenye kikombe, akaniambia kikombe kina mstari.

Na dawa tunanunua hivyo hivyo. Daktari ameandika vidonge vya siku saba, mfukoni kuna vya siku tatu. Unakunywa hivyo vya siku tatu, homa inajifanya imeondoka, wiki ijayo inarudi imeleta na ndugu zake. Unarudi hospitali unalipia kumwona daktari upya, anakuuliza kwa ukali, "Dozi ulimaliza?" Unamjibu, "Nilimaliza hela, daktari."

Usafiri nao. Asubuhi pale Rangi Tatu, kituo chetu cha Mbagala, ukisubiri daladala kistaarabu utaliona likipita na watu wamening'inia mlangoni. Kwa hiyo inabidi ugeuze nalo. Unapanda linaporudi kituoni, upande usio wako, unalipa nauli, unakaa kwenye siti yako kama bwana harusi, likigeuza unalipa nauli ya pili, ndiyo ya kwenda kazini. Nauli mbili, safari moja, na unafika umevunjika kiuno. Bosi anatumia dakika kumi kwenda ofisini, tena anaita foleni.

Mkinibana mtasema, si ukope? Nilikopa. Benki walitaka hati ya nyumba, nikawaambia mimi nina hati ya mlinzi. Basi nikaenda kwa wale wa mtaani, wa kausha damu. Jina halijakosea. Unapewa leo, wanakata ya fomu kabla hujaihesabu, marejesho kila wiki, ukichelewa siku moja wanakuja kubeba redio, na mtungi wa gesi wanautazama tazama. Bosi naye ana mkopo, tena mkubwa, nimeona bahasha. Yeye analetewa kalenda na benki mwisho wa mwaka.

Hata kwenye kodi ya dukani tuko sawa, na huo usawa ndio unaniuma. VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ni asilimia 18. Mche wa sabuni nalipa mimi asilimia 18, bosi analipa asilimia 18. Hapo ndipo ninapokumbukwa kwamba na mimi ni Mtanzania kama yeye. Na ile tozo ya miamala ya simu ya Julai 2021 nayo ilinikuta namtumia mama hela ya dawa kijijini. Bosi mama yake anakaa naye, ghorofa ya chini, chumba chenye kiyoyozi. Tozo itampatia wapi?

Kijiweni kwetu kuna mzee mmoja, anajua mambo ya kale na hana kazi nyingine. Anasema nisihangaike na bosi, mji wenyewe ndivyo ulivyokatwa. Wajerumani mwaka 1891 walishatunga sheria ya ujenzi, huku majengo ya aina hii, kule aina ile. Waingereza wakaja wakaacha uwanja wa Mnazi Mmoja wazi, Waafrika wabaki upande wa Kariakoo na Ilala, na wazungu wakajipimia Oysterbay penye upepo wa bahari. Mwaka 1967 likaja Azimio la Arusha, kiongozi akakatazwa kuwa na mishahara miwili, akakatazwa nyumba za kupangisha, hisa za kampuni mwiko. Mzee akifika hapo anafuta machozi. Halafu 1991 wakubwa wa CCM wakakaa Zanzibar wakayalegeza masharti. Nikamuuliza, "Mzee, kwani wakati wa Azimio wewe maji ulikuwa unapata?" Akasema sabuni tu ilikuwa foleni. Ila kwenye foleni, anasema, ulikuwa unamkuta na mkubwa wako wa kazi.

Hilo la foleni lilinikaa kichwani usiku kucha. Maana mimi nikiwa pale getini naona bosi amejijengea serikali yake ndani ya ukuta. Maji ana tangi. Umeme ukikatika jenereta linaitika lenyewe. Polisi wake ni mimi, na juu ya ukuta kuna waya wa umeme wa kunisaidia. Shule watoto wanafuatwa na basi la njano. Hospitali anapokelewa kwa kahawa. Taa ya barabarani ikiungua mtaani kwake hajui, kwa sababu taa za kwake zinamulika mpaka baharini. Kwa hiyo mtu mwenye namba ya simu ya mkubwa, ambaye akipiga inapokelewa, hana la kulalamikia. Sisi wenye malalamiko tuna namba ya Mangi.

Mtoto wangu darasa lao wanakaa wanne dawati moja, mwandiko wake umeinama kwa sababu anaandika ubavu. Siku mtoto wa bosi akaletwa kusoma pale, jamani, nawaapia, madawati yatashushwa Jumatatu na seremala atabaki anaomba radhi. Lakini hataletwa. Shuleni kwetu elimu bila malipo ilianza mwaka 2016, namshukuru aliyeianzisha. Ikabaki michango. Uji, mtihani wa majaribio, tuisheni ya jioni ambayo mwalimu yule yule wa asubuhi ndipo anafundisha kwa sauti. Mwezi uliopita wameongeza mchango wa mlinzi. Mimi! Mlinzi! Namchangia mlinzi mwenzangu! Nilikwenda kuuliza analipwa kiasi gani. Nilipoambiwa, nikauliza kama nafasi bado ipo.

Maana hela yangu mimi inapita njia ndefu. Bosi analipa kampuni ya ulinzi, kampuni inanilipa mimi. Kiasi anacholipa bosi nimekiona kwenye ankara, nisingekiona ningekuwa na furaha zaidi. Inaondoka kwa bosi ina afya, ikinifikia imekonda, na bado wamekata ya sare, na buti, na kirungu. Kirungu! Nakodishwa kirungu cha kumlindia mtu.

Juzi bosi karudi jioni, hakushuka garini, akateremsha kioo. "Kamanda," akasema, "maisha yamekuwa magumu sana." Nikasema pole bosi. Akaniambia jirani anapandisha ghorofa ya tatu, na ikikamilika bahari haitaonekana tena kwenye baraza lake. Kwa uso wake nilijua hatanii. Alikuwa na uchungu wa kweli, kama wangu kwa Mangi. Akaongeza kwamba jirani huyo huyo amenunua boti, na kwamba mama, mke wake, hamsemeshi toka Jumapili. Nikampa pole ya pili. Nilitaka kumwambia anipe mimi hiyo shida ya boti nimshikie, lakini mkataba wangu hauruhusu utani na mteja.

Kesho yake mama mwenyewe akaja getini. Ana bahasha nyeupe yenye utepe, jina langu limechapwa kwa kompyuta, "Kamanda na Mwenza". Mtoto wao mkubwa anaolewa. "Wewe ni mtu wa familia," akaniambia, "tusingeweza kukuruka." Miaka yote hiyo chai naletewa kwenye kikombe cha plastiki chenye alama yangu, leo ni mtu wa familia. Nikafungua. Sherehe ukumbini, vinywaji, keki, MC. Mchango wa kuingia, single laki moja. Double laki moja na nusu. Nikatafuta kama kuna ya nusu mtu, hakuna.

Ukikataa umekosa adabu, na kazi naipenda, ina kivuli. Nikameza mate, nikamuuliza kwa unyenyekevu kama kamati inapokea kidogo kidogo. Mama akafurahi sana. Akasema wanapokea, hakuna shida kabisa, hata kwa wiki naweza kupeleka. Ila kwa wanaolipa kidogo kidogo, kamati imeamua single iwe laki na ishirini.