Mabomba ya nyumbani yashughulikiwe Februari

Kila mwaka, wiki ya kwanza ya mvua kubwa za masika, fundi bomba mzuri hapatikani Dar es Salaam. Unampigia simu anakwambia yupo Tandale, akimaliza hapo anakwenda Mikocheni, labda kesho kutwa. Huku nyumbani choo kinarudisha, mfuniko wa chemba umenyanyuka, watoto wamekatazwa kushuka uani. Msimamo wangu ni kwamba sehemu kubwa ya yanayotukuta Aprili tulikuwa na nafasi ya kuyazuia Februari. Sisi wa mwambao hatuna kisingizio, kwa sababu majira yetu tunayajua tangu utotoni: kiangazi, masika ya Machi hadi Mei, kipupwe, kisha vuli kuanzia Oktoba. Na wengi tunailaumu mvua kwa uharibifu uliofanywa na kiangazi.

Angalia bomba la PVC lililopitishwa nje, kwenye ukuta unaopigwa na jua la mchana. Bomba la mita 10 hurefuka kama milimita 7 kila joto lake linapopanda nyuzi 10, na usiku hurudi lilivyokuwa. Likiwa limebanwa kwa saruji huku na huku, kiungo cha gundi ndicho kinachovutwa kila siku ya Mungu mpaka kinaachia. Jua lenyewe nalo hulipausha na kulifanya likatike kama biskuti. Dawa yake ni ndogo: lifukiwe, au lipakwe rangi nyeupe ya maji, na vishikio viliache lipumue kidogo. Fundi anayelikandika saruji kila mahali ili lionekane limekaa imara anakuuzia matatizo ya mwakani.

Upande wa chumvi, kila anayeishi karibu na bahari au anayetumia kisima cha maji ya chumvi anaujua ule ukoko mweupe kwenye bomba la mvua la kuogea. Kibaya zaidi ni ukoko usiouona, ulioko ndani ya koki kubwa ya kufungia maji ya nyumba nzima. Koki hiyo isipoguswa mwaka mzima, siku bomba likipasuka haizunguki, au kichwa chake kinakatikia mkononi. Ifunge na kuifungua mara moja kwa mwezi. Hakuna gharama yoyote hapo.

Halafu kuna mgao. Tunakumbuka mwishoni mwa 2021, na tena 2022, maji ya Mto Ruvu yalivyopungua na jiji likawekwa kwenye ratiba. Watu wengi huuchukulia mgao kuwa shida ya ndoo tu, lakini bomba likiwa tupu chini ya ardhi, msukumo wa ndani unapotea na pale penye ufa linavuta kilichopo nje. Kiangazi litavuta vumbi na hewa. Masika, ardhi ikiwa imelowa na chemba ya jirani imefurika, linavuta maji ambayo hata kufagilia usingeyatumia. Ndiyo maana ufa mdogo uani naupa uzito kuliko watu wanavyoupa. Maji yakirudi baada ya mgao yaachie yaende kwanza mpaka yawe meupe, ndipo uyaruhusu kuingia kwenye tangi.

Kuupata ufa huo kunahitaji usiku mmoja ambao maji ya idara yanatoka. Funga koki zote, ikiwemo ile inayoingiza maji kwenye simtanki, maana boya likishuka mita itazunguka na utadhani kuna uvujaji. Soma mita kabla ya kulala, isome tena alfajiri kabla hajaoga mtu. Namba zikisogea, maji yanapotea kati ya mita na koki ulizofunga. Kwa tangi la choo, tia rangi kidogo ya chakula halafu msiflashi kwa nusu saa. Rangi ikionekana kwenye sinki la choo, mpira wa ndani umekwisha.

Simtanki nazo zinahitaji kufunguliwa kweli, mtu apande na tochi. Utakayoyaona mara nyingi ni haya: chini kuna tope laini la rangi ya chai ya maziwa, kwenye kuta kuna utelezi, na pale usawa wa maji unapopanda na kushuka kuna mstari mweusi mzima. Tangi likiwa jeusi na mfuniko ukikaa vizuri, mwanga hauingii na ukoga wa kijani hauoti. Mfuniko ukipasuka, jua na mbu wote wanaingia. Mbu anayeleta dengue, homa iliyoisumbua Dar es Salaam 2014 na 2019, hutaga mayai yake ukutani juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo hukaa makavu kwa miezi na kuanguliwa maji yanapoyafikia tena. Kwa hiyo kumwaga maji peke yake hakutoshi, kuta zisuguliwe kwa brashi. Baada ya hapo jaza maji, tia lita 1 ya dawa ya klorini ya asilimia 5 kwa kila lita 1,000, acha usiku kucha, fungua koki za ndani mpaka harufu ifike kila mahali, kisha mwaga yote na suuza. Klorini hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya asidi ya kusafishia vyoo, hewa inayotoka ni sumu.

Sasa chemba. Hapa ndipo napandwa na hasira, na nitakaa kidogo.

Fungua chemba iliyo karibu na jiko. Mafuta ya kupikia yaliyomwagwa kwenye sinki mwaka mzima yameganda kuwa mabonge meupe kama vipande vya sabuni ya mche, yameshika mchanga, wali na nywele, na tundu lililokuwa la inchi 4 limebaki la kupitisha vidole viwili. Kiangazi maji kidogo yanapenya na hakuna anayejali. Mvua ikija, shimo la kunyonya maji halinyonyi tena kwa kuwa ardhi imejaa, na kila ndoo inayoingia inatafuta pa kutokea. Zidisha na gata za bati zilizoelekezwa kwenye chemba, jambo ninaloliona kwenye nyumba nyingi. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linashusha lita 5,000. Lita 5,000 kwa siku moja, ndani ya shimo lililojengwa kupokea maji ya familia! Gata zielekezwe kwenye mtaro, au kwenye tangi la kuvunia maji ya mvua.

Gari la majitaka liitwe ardhi ikiwa kavu. Aprili barabara za mitaa yetu ni tope na gari halifiki. Hata likifika, linanyonya huku maji ya ardhini yanarudi ndani, na baada ya siku chache uko palepale. Na tafadhali, kijana asiteremshwe shimoni kuchota kwa ndoo ili kuokoa fedha. Hewa ya mle ndani inaua ghafla, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza naye hufa.

Wapo wanaoacha makusudi mpaka mvua inyeshe, wakatapisha. Usiku, mvua ikipiga mabati, wanatoboa shimo la choo na kinyesi kinaondoka na mafuriko. Sheria inakataza, kila mtu anajua, na bado mtaani inazungumzwa kama ujanja wa mjini. Maji yale yanaelekea bondeni, kwenye nyumba ya mama anayeuza vitafunwa, kwenye kisima kifupi, kwenye miguu ya watoto wanaokwenda shule. Jiji hili lilipata mlipuko mkubwa wa kipindupindu kuanzia Agosti 2015, na tuliwazika watu. Anayetapisha naona anamfanyia jirani yake ukatili, na natamani wajumbe wetu waliseme hilo kwa jina lake.

Mashimo hayohayo ndiko wanakozaliwa mbu wa usiku wanaosambaza matende na mabusha. Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti walimwaga punje za povu jeupe la plastiki juu ya maji ya vyoo vya shimo. Zikatanda, mbu wakakosa pa kutagia na wakapungua mno. Kwetu, wavu mdogo kwenye bomba la kupumulia na mfuniko usio na nyufa vinasaidia sana. Na bafu la wageni lisilotumika limwagiwe maji kila baada ya wiki mbili, kwani kiangazi maji ya kwenye mtego wa sakafuni, yaani kona ya bomba inayobaki na maji ya kuzuia harufu, hukauka, na mende na harufu hupata njia.

Anayelipia yote haya ni nani? Mikataba mingi ya upangaji niliyoisoma inataja kodi, umeme na idadi ya miezi ya kulipa mbele, lakini shimo haliguswi, na masika yakifika mwenye nyumba na wapangaji wanatazamana. Naona shimo, chemba na bomba kuu viwe vya mwenye nyumba, kwa sababu ndiye atakayebaki navyo. Koki, sinki na usafi wa simtanki viwe vya anayetumia. Liandikwe mkataba unapotiwa saini. Nyumba za wapangaji wengi wachangishane kidogokidogo kuanzia Oktoba, na ikifika Februari fedha iwepo. Kama mfuko unaruhusu kazi moja tu mwaka huu, iwe gari la majitaka. Simtanki mnaweza kuisugua wenyewe Jumamosi moja.