Geuza kofia uone ndani

Mwezi wa sita mwaka jana, hapa Njombe, asubuhi zile ambazo umande unaganda kwenye majani, mama mmoja alisimama mbele ya meza yangu sokoni. Alichukua kofia ya mtoto mchanga, akaivutavuta, akauliza bei. Nilipomtajia akairudisha taratibu. "Dada, si uzi wa sweta tu huu? Donge zima halifiki bei hiyo." Hakusema kwa ubaya. Uzi anaujua, ananunua mwenyewe dukani. Ila maneno yake hayajanitoka hadi leo, kwa sababu naona hata sisi wafumaji tunaamini hivyo hivyo: uzi ukiwa rahisi, basi na kazi yake imalizwe hivyo hivyo tu, ilimradi ivalike.

Mimi uzi siulaumu. Akriliki, yaani huo uzi wa sweta unaotengenezwa kiwandani, ndiyo inayovalisha watoto wa nyanda hizi. Ilibuniwa mwaka 1941 na kampuni ya DuPont ya Marekani, ikaingia sokoni 1950 kwa jina la Orlon, na baadaye ikashika nafasi ya sufu kwenye sweta na mablanketi ya watu wengi. Nondo hawaili, jua la kamba ya kuanikia haliichoshi upesi, na mama anaweza kuifua kwenye beseni kila siku bila kuogopa kwamba itasinyaa na kuwa ngumu kama sufu. Kwa mtoto anayecheua mara tano kwa siku, hiyo si sifa ndogo.

Tatizo linaanza pale mfumaji anapofunga vitanzi vya mwisho, akakata uzi, akasema amemaliza. Hapo ndiyo kwanza yuko katikati.

Chukua ncha za uzi. Unyuzi wa sufu una magamba madogo mno yanayoshikana, kwa hiyo ncha ukiipitisha kidogo inatulia mahali pake. Akriliki inateleza. Ukiificha ncha kwa mstari mmoja ulionyooka, baada ya kufuliwa mara tatu inachungulia, na baada ya mara tano inaning'inia. Wengi wanakimbilia fundo. Fundo kwenye kofia linamchoma mtoto anapolazwa, na kwenye soksi linakaa chini ya kisigino. Mimi huacha ncha ndefu, kama sentimita 15, naichomeka kwenye sindano butu ya jicho kubwa, naipitisha ndani ya kazi kwenda upande mmoja, narudi nayo, kisha nageukia upande wa tatu. Halafu nafua kwanza, naivuta kazi huku na huku, ndipo nakata kilichobaki. Wapo wanaochoma ncha kwa kiberiti kama mafundi wanavyofanya kwenye kamba za nailoni. Tafadhali, kwa nguo ya mtoto usifanye hivyo. Akriliki ikiungua inayeyuka na kuacha kijipunje kigumu cheusi kinachokwaruza ngozi.

Na kwenye soksi za watoto naomba nieleweke vizuri, maana hili linanisumbua kuliko yote. Uzi uliolegea ndani ya soksi unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mguu cha mtoto na kukibana hadi damu isipite. Mtoto analia, mama anadhani ni tumbo. Jambo hili linajulikana kwa madaktari, na linaweza kumgharimu mtoto kidole. Kwa hiyo anayeniambia kwamba upande wa ndani hauonekani na mtu, namjibu kwamba ndani ndiko mtoto aliko.

Kisha kuna pasi. Skafu yangu ya kwanza niliimaliza usiku, nikaona kingo zake zinajikunja, nikawasha pasi ya mkaa na kuipitisha juu. Kwa mkupuo mmoja ikalala, ikawa bapa, inang'aa, haina mnyumbuko tena. Nililia, maana ilikuwa ya zawadi kwa mama yangu. Akriliki ni plastiki, na joto likishaibadili hairudi. Leo natandaza kazi ikiwa na unyevu juu ya taulo, nabana kingo kwa pini, naweka kitambaa kibichi cha pamba, na pasi naishika juu yake bila kugusa, mvuke tu ndio ushuke. Naiacha ipoe kabisa kabla ya kuinyanyua. Ukingo wa mistari unaovutika, ule wa chini ya kofia, siupi mvuke kabisa, kwa sababu kazi yake ni kuvutika na kurudi. Kichwa cha mtoto aliyezaliwa leo kina mzunguko wa karibu sentimita 35, nami nafuma kofia ya kama 31 ili imkumbatie. Ukiua ukingo kwa joto, inamshukia machoni.

Kwa sababu hiyo hiyo ya kuyeyuka, vitambaa vya kushikia sufuria navifuma kwa uzi wa pamba peke yake. Hapo siko tayari kubishana na mtu.

Wapo wanaoniambia uzi huu ni uchafu kwa maji yetu, na wana hoja. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walionyesha mwaka 2016 kwamba kufua kilo 6 za nguo za akriliki kunaweza kumwaga zaidi ya vinyuzi 700,000. Sina jibu kubwa. Ninachoweza ni kufuma kofia itakayovaliwa na mtoto wa kwanza, wa pili, na wa shangazi yake, badala ya tatu zitakazofumuka jalalani.

Siku hizi mteja akisimama, kabla hajauliza bei, naigeuza kofia. Namwekea kidole chake ndani atafute fundo. Wengine wanacheka, wengine wanaendelea na safari yao, na bei siipunguzi, kwa kuwa kuficha ncha na kunyoosha kunanichukua karibu muda ule ule wa kufuma.

Usiku huu nina kofia sita za mistari ya rangi mbili mapajani. Kila moja ina ncha nne, na sindano butu iko mezani.