Ani DiFranco hakuanzisha lebo ili atajirike

Kila msanii wetu anapokorofishana na lebo yake, mitandaoni huibuka ushauri uleule: jitegemee, miliki kazi zako, hela yote iingie mfukoni mwako. Sina ugomvi na ushauri wenyewe. Kinachonikera ni sababu yake, kana kwamba mwisho wa kujitegemea ni kuhesabu noti. Ndiyo maana leo namleta Ani DiFranco, mtunzi na mwimbaji wa Marekani aliyefanya kazi kwa zaidi ya miaka 30 akiwa na lebo yake mwenyewe, na ambaye hata wanaomsifu mara nyingi humsifia jambo lisilo lenyewe.

Alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1970. Akiwa na miaka 9 alikuwa ameshaanza kuimba mbele ya watu pamoja na mwalimu wake wa gitaa, Michael Meldrum. Alipofika miaka 15 mama yake alihama mji, yeye akabaki, na kisheria akahesabiwa kuwa mtu anayejitegemea. Baadaye akaenda Jiji la New York, akasoma chuo cha New School, ambako alifundishwa na mshairi Sekou Sundiata. Mwaka 1990 akatoa kaseti yake ya kwanza chini ya lebo aliyoianzisha mwenyewe, ambayo baadaye ikaitwa Righteous Babe. Akazunguka nayo kwenye baa, matamasha na vyuo, akiimba kisha anauza kaseti palepale shoo ikiisha.

Ukitaka kumwelewa, angalia mkono wake wa kulia. Hubandika kucha bandia kwa gundi, kisha huzizungushia tepu nyeusi ya fundi umeme ili zisibanduke, kwa sababu nyuzi anazichapa kwa nguvu ambayo kucha ya kawaida haiwezi kuistahimili. Gitaa lake la kawaida la mbao linabeba melodia na ngoma kwa wakati mmoja. Kwa miaka mingi alisimama jukwaani yeye na gitaa hilo, au na mpiga ngoma mmoja tu, na ukumbi ukatikisika. Mimi ningetamani kila kijana anayeambiwa hawezi kutoboa bila prodyuza mwenye jina amtazame huyu mama akifanya kazi.

Lebo kubwa zilimfuata, akakataa. Tazama alichokifanya na uhuru huo: kati ya 1990 na 1999 alitoa albamu za studio karibu kila mwaka, na mwaka 1999 akatoa mbili. Desturi ya lebo kubwa ni kuiacha albamu moja iuze na kuzungushwa kwa miaka miwili au mitatu kabla ya kuruhusu nyingine, kwa hiyo sidhani kama kuna bosi ambaye angeuvumilia mwendo ule. Wala sidhani angevumilia maneno. Binti wa miaka 20 anaimba waziwazi kuhusu kutoa mimba, halafu anaendelea na adhabu ya kifo, ubaguzi, mapenzi ya wanaume na ya wanawake. Hakuwa na mtu wa kumwambia mstari huu utatufungia redio, uondoe.

Magazeti ya biashara yakamgundua. Mwaka 1997 jarida la Ms. likamtaja miongoni mwa wanawake wa kupigiwa mfano, na katika maelezo yake likasema kwamba kwa kila albamu anayouza anapata fedha nyingi kuliko bendi maarufu ya Hootie and the Blowfish. Hesabu yenyewe ilikuwa dola 4.25 kwa nakala. DiFranco akawaandikia barua ya wazi. Aliumia kwamba jarida la kutetea wanawake nalo limempima kwa dola hizo, wakati yeye amejenga maisha yake yote ili muziki usipimwe hivyo. Alitaka akumbukwe kama mtunzi wa nyimbo, si kama mkurugenzi. Nadhani barua ile ingebandikwa ukutani kwenye studio zetu zote, Sinza mpaka River Road.

Kwetu tunajua vizuri kilichowakuta waliomkabidhi msambazaji masta, yaani rekodi mama ya wimbo, kwa malipo ya mara moja: wimbo unapigwa harusini miaka 20 baadaye na mwenye wimbo hana chake. Hilo linauma, na mrabaha ni haki. Lakini nimeona pia wasanii wanaomiliki kila kitu na bado wanaimba alichotaka mdhamini. Umiliki wa namna hiyo umewanunulia nini?

Uhuru nao una gharama yake, na DiFranco aliilipa hadharani. Mwaka 2013 alitangaza kambi ya watunzi wa nyimbo katika jumba la Nottoway, Louisiana, lililokuwa shamba la watumwa. Watu weusi wakakasirika, na walikuwa na haki. Akaifuta, lakini maelezo yake ya kwanza yakaonekana kujitetea mno, ikabidi arudi tena kuomba radhi moja kwa moja. Lebo ni yake, jina ni lake, kosa likabaki lake.

Pamoja na hayo, ninachokipenda zaidi katika kazi yake ni kilichowafikia wengine. Alitoa albamu ya mwalimu wake Sundiata. Kanisa kuukuu la Buffalo lililokuwa hatarini kubomolewa, yeye na wenzake waliligeuza ukumbi wa muziki na ofisi ya lebo. Na mwaka 2010 Righteous Babe ilitoa Hadestown, albamu ya hadithi ya Anaïs Mitchell, mtunzi ambaye wengi walikuwa hawamjui, DiFranco mwenyewe akiimba sehemu ya Persephone, mungu wa kike wa visa vya kale vya Kigiriki. Hadithi ile ikakua ikawa tamthilia ya muziki, ikafika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, na mwaka 2019 ikatwaa tuzo ya Tony ya tamthilia bora ya muziki. Mwaka 2024, akiwa na miaka 53, DiFranco alipanda jukwaa la Broadway kwa mara ya kwanza, akamwigiza Persephone yuleyule, katika kazi iliyotungwa na mwanamke ambaye lebo yake ilimwamini mapema.