Fundi Kasema Ni Umeme

Kwetu Moshono ukiwa na kisima nyumbani majirani wanakuita bosi, mpaka siku pampu itakapoungua. Hapo unapanga foleni na madumu, na wenzako waliozoea foleni wanakucheka waziwazi.

Yetu iliungua Julai, na baridi ya Julai ya Arusha haihitaji maelezo. Kibaya zaidi, mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Moshi kutusalimia. Huyu mama ana heshima zake, halalamiki kamwe. Anasimulia. Akiliona dumu limepita, anasimulia jinsi kwao maji yanavyotoka kwenye chemchemi za mlimani yakateremka yenyewe mpaka mjini, bila mashine, bila luku. Anasimulia huku anamtazama binti yake, lakini anayesimuliwa najijua.

Nikaita fundi. Akaja na vijana wake, wakavuta bomba lote la mita 80 kutoka kisimani, wakazamisha pampu mpya ya fezi moja. Kabla ya kuwasha, fundi akasema kisima kikivurugwa hivi kinatoa tope kwanza, kwa hiyo atasafisha na tanki, uchafu usije ukashuka ndani. Nikamsifu kweli. Nikamwacha juu ya mnara anasugua, mimi nikaenda kazini roho kwatu.

Jioni tanki limejaa. Nikaingia bafuni, nikajipaka sabuni mwili mzima kwa furaha, nikafungua bomba la mvua. Tone. Nikasubiri. Tone la pili likachungulia, likaning'inia pale kwenye tundu, likafikiria weee, ndipo likaanguka. Nilioga bega moja moja. Nilipofika mgongoni sabuni ilikuwa imeshakauka, ngozi inavuta.

Nikampigia fundi. "Bosi, huo ni umeme. Jioni umeme wa huko kwenu unakuwa mdogo." Asubuhi hali ni ile ile. Akaja, akafungua boksi la pampu, waya wa kushoto akaupeleka kulia, wa kulia akauleta kushoto, akasikilizia jicho moja limefumbwa. "Ilikuwa inazunguka kinyume." Sasa, pampu ya fezi tatu ukikosea nyaya kweli inazunguka kinyume, na maji yanakuja kwa unyonge. Ya fezi moja hata ugeuze hizo nyaya mbili mpaka Pasaka, inazunguka vilevile. Lakini mtu akishashika testa, wewe mwenye nyumba huna hoja.

Mzee jirani akaegemea ua wake. "Floridi hiyo, imeziba mabomba." Floridi ipo, sikatai. Visima vingi vya huku vinapita ile miligramu 1.5 kwa lita ya Shirika la Afya Duniani, na meno yetu tuliokulia hapa ni ushahidi tosha. Ila floridi imeyeyuka humo humo majini, itazibaje bomba ndani ya usiku mmoja? Shemeji yeye akasema dawa ni kununua pampu kubwa zaidi. Shemeji hajawahi kuona tatizo ambalo dawa yake si kitu kikubwa zaidi, ilimradi hela si yake.

Kumbe ndani ya nyumba kulikuwa na msiba mwingine wa chinichini. Nikiingia jikoni, wanawake wananyamaza. Usiku mke wangu akaninong'oneza: gagulo la mama limepotea kwenye kamba. La zambarau, jipya, lina lesi pembeni. Nguo ya ndani ya mtu mzima ikichukuliwa kambani, watu wanajua pa kuelekeza mawazo, na dada wa kazi alikuwa ameshaulizwa mpaka akalia. Mimi sikutia neno. Gagulo la mama mkwe halizungumzwi na mkwe.

Jumamosi nikatulia na akili zangu. Bomba la bustanini, lililoungwa kwenye mpira unaopanda kutoka kisimani kabla ya kufika tankini, linarusha maji mpaka linachimba shimo. Basi pampu ni nzima. Tena maji ya bafuni hayaijui hata hiyo pampu, yanashuka kwa uzito wake kutoka tankini. Maji yakisimama mita 10 yanakupa takriban bar 1, na mnara wetu ni wa mita 6, piga hesabu. Shemeji angeninunulisha pampu ya kumwagilia mashamba ya Kisongo, bafuni bado tungeoga na mita zilezile 6. Na kama jikoni matone, bafuni matone, chooni matone, basi kizuizi kiko kabla bomba halijagawanyika. Pale pale kwenye mdomo wa tanki.

Nikapanda. Mama mkwe alikuwa ametoka na stuli kuota jua, shemeji ameshika ngazi, mzee jirani yuko uani kwake, na fundi naye ndio kwanza anaingia getini kudai salio. Nikafunua mfuniko, nikamulika kwa simu.

Chini kabisa, kitu cha zambarau kilikuwa kimetanda majini kama mwavuli. Pindo moja limemezwa na tundu la kutolea maji, lesi inachezacheza.

Nikaurudisha mfuniko taratibu.

"Vipi, umeona nini?" fundi akauliza, halafu mwenyewe akajipiga paji la uso. "Aisee, lile tambara! Nilizibia ile siku, tope lisishuke. Livute tu, bosi!"

Nikaikumbuka chai. Nikaukumbuka mtori. Chote tulichokunywa na kula tangu pampu mpya kilikuwa kimechujwa na gagulo.

Nikaomba fagio refu la buibui, nikalikoroga mpaka likanasa, nikavuta. Jikoni koki iliyosahauliwa wazi ikaanza kunguruma. Fundi akapiga makofi. Shemeji akashangilia. Likatoka lote, linachuruzika juu ya fagio, uwanja mzima unaliona, na makofi yakaisha ghafla.

Mama mkwe akaliangalia kwa utulivu, akajifunga khanga vizuri.

"Hilo si langu," akasema.

Mke wangu, aliyenieleza rangi na lesi kwa kinywa chake mwenyewe, akamtazama mama yake. Kisha akaniinulia macho mimi, juu ya mnara na fagio langu.

"Umemsikia mama. Haya, shuka utuambie ni la nani."