Jina la Aseti Si Bango la Tangazo

Fungua folda za pakiti ya aseti (modeli, picha na sauti zilizo tayari kutumiwa katika michezo ya video) ya Unreal Engine, injini ya kutengenezea michezo, iliyotengenezwa na fundi makini na utakuta nidhamu ya kupendeza. SM_ kwa modeli ya 3D isiyo na mifupa ya kuichezesha, SK_ kwa yenye mifupa, T_ kwa tekscha (picha ya kuivika modeli), M_ kwa materiali (inayoamua uso wa modeli uonekaneje). Jiwe la tatu linaitwa SM_Rock_03, basi. Halafu nenda kwenye soko la mtandaoni alikoiuza fundi huyohuyo, usome kichwa alichoipa: Ultimate, Mega, Epic, Pro. Ndani mtunza stoo, nje mpiga debe.

Mimi naona jina la sokoni lingefuata adabu ileile ya folda: kitu gani, mtindo gani, kinakwenda na nini. Hata belo la mitumba huandikwa aina na daraja kabla halijafunguliwa.

Hasara ya vichwa vya kupiga debe inaonekana zaidi kwa watumiaji wa Unity, injini nyingine ya michezo. Injini hiyo ina njia tatu za kuchora picha: Built-in ya zamani, URP na HDRP. Materiali ya Built-in ukiileta kwenye mradi wa URP bila kuibadilisha, msitu mzima unageuka waridi la kuumiza macho. Herufi tatu kwenye kichwa zingetosha kumwonya mnunuzi. Ndiyo, ukurasani kuna jedwali la njia ambazo pakiti inaendana nazo, lakini haliko kwenye kichwa, na anayepakua gigabaiti kwa bando la simu hana anasa ya kujaribu kwanza.

Upande wa kutafuta nao una vituko. Andika "crane" upate ndege korongo na winchi ya bandarini katika orodha moja. Hapo kosa si la muuzaji. La muuzaji ni lebo: jiwe moja linabandikwa zama za kati, anga za mbali, mazombi, jangwa na michezo ya simu, ili litokee kila mahali. Likitokea kila mahali, anayelitafuta kweli ndiye anayelikosa.

Watu wa sauti, wanaorekodi milio ya filamu na michezo, wametuacha mbali. Tangu 2020 wana mfumo wa pamoja wa majina, UCS, wenye kategoria 82, na faili inaanza na msimbo wa aina ya sauti. Mlango wa mbao ni DOORWood, awe ameurekodi nani. Sioni kwa nini watu wa modeli washindwe. Masoko yenyewe yana nguvu ya kulazimisha yakitaka: itch.io, soko la mtandaoni la michezo na aseti, mwishoni mwa 2024 iliwataka wauzaji wa aseti waseme kama wametumia akili mnemba, na ikawa kichujio cha kutafutia.

Najua jibu la wauzaji: majina makubwa ndiyo yanayouza. Sijashawishika. Kenney, mtengeneza aseti wa Uholanzi, anaita pakiti zake Nature Kit, Car Kit, Pirate Kit, na ni nadra kumpata msanidi chipukizi asiyemjua. Mtasema huyo anagawa bure. Haya, kampuni ya Synty ya New Zealand wanauza kwa pesa: neno POLYGON linalokuambia mtindo (modeli za poligoni chache), kisha mada. Mteja wao anaweza kuanza kutafuta kwa neno hilohilo.