Switch 2 na Kioo Kilichonyimwa Kazi

Tangu Nintendo Switch 2, mashine ya gemu ya kushika mkononi au kuunganisha na televisheni, ilipoingia sokoni tarehe 5 Juni 2025 nimesoma tathmini zake nyingi kiasi cha kuzikariri: kioo cha inchi 7.9, picha za 1080p, kioo kinachobadilisha picha hadi mara 120 kwa sekunde, hifadhi ya GB 256, vidhibiti vya pembeni vinavyonasa kwa sumaku. Yote hayo ni kweli na siyabishi. Kilichonikera ni kwamba karibu kila mtathmini anapofika kwenye suala la kugusa huandika sentensi moja, kwamba kioo kinagusika, kisha anakimbilia kwenye jambo jingine. Sasa nimeishika mashine yenyewe, mali ya binamu yangu aliyerudi nayo kutoka Dubai, na nimeelewa kwa nini hawaandiki zaidi. Hawana cha kuandika.

Niipe kwanza haki yake. Imeundwa kwa uangalifu. Ni pana kuliko Switch ya kwanza ya 2017 ilhali unene haukuongezeka, na uzito wake pamoja na vidhibiti ni takriban gramu 534, mzigo ambao mkono wa mtu mzima unaumudu, ingawa mtoto atatafuta mto wa kuegemeza. Sumaku zinashika kwa nguvu ya kuaminika, na ule mlio wa kunasa unapendeza kiasi kwamba binamu alinikataza kuvichomoa vidhibiti kwa kujifurahisha tu. Betri ndiyo inayoudhi: kampuni yenyewe inakadiria saa 2 hadi 6.5 kutegemea mchezo, na michezo mizito, ambayo ndiyo sababu ya mtu kutoa fedha zote hizo, ina njaa kuliko mingine. Katika mji ambao umeme hukatika bila kuaga, hilo si jambo dogo.

Suala la kugusa lilinifikia kupitia mpwa wangu wa darasa la tatu. Nilimkabidhi mashine ikiwa imefunguliwa kwenye Mario Kart World, mchezo wa mbio za magari, na kabla sijamwonyesha kijiti wala kitufe, aliweka kidole juu ya gari akalivuta kushoto. Gari halikusogea. Akafuta kidole kwenye kaptula, akalivuta tena kwa nguvu zaidi, kisha akanirudishia na kuniambia kwa sauti ya kunionea huruma, “Anko, hii kioo kimekufa.” Mtoto huyu amezaliwa simu za kupangusa zikiwa zimeshajaa mitaani, na kitochi cha vitufe anakijua kama simu ya babu yake. Kwake kioo kisichoitika kidole ni kioo kibovu, wala sikupata hoja ya haraka ya kumpinga. Nilimrudisha kwenye menyu kuu ili aone kwamba kidole kinafanya kazi: unagusa picha ya mchezo, unafunguka, unagusa herufi za jina lako, zinaandikika. Yaani kidole kinakaribishwa kwa heshima zote hadi mlangoni, kisha kinaambiwa kibaki nje.

Nieleweke mapema: sidai kwamba gari liendeshwe kwa kidole. Yeyote aliyecheza PUBG Mobile au eFootball kwenye simu anayajua mateso yake. Dole gumba linafunika sehemu ileile ya uwanja unayohitaji kuiona, na kwa kuwa kioo ni laini kila mahali, hakuna ukingo wa kukukumbusha kidole kilipo, hivyo unamzawadia mpira beki wa timu pinzani ukiamini kwamba umepiga shuti. Ongeza na joto la Dar es Salaam. Vioo vya siku hizi hutambua kidole kwa umeme mdogo unaoathiriwa na ngozi, na jasho huvuruga utambuzi huo, ndiyo maana vijana wetu wa gemu za simu huvaa vile vifuko vyembamba vya vidole. Kukimbia, kuruka na kupiga risasi ni kazi ya vitufe na vijiti, na katika hilo sina ugomvi na mtu.

Lakini mchezo si kukimbia tu. Kuna kuchagua, kupanga, kuburuta kitu kutoka hapa kwenda pale, kuchora, kuandika alama kwenye ramani, kugeuza karata. Fikiria bao, lenye mashimo 32 na kete 64. Mchezaji anachagua shimo la kuanzia na upande wa kuzungukia, basi, kete zinatembea. Kwa kidole ni tendo moja: gusa shimo, vuta kuelekea upande unaoutaka. Kwa vitufe inakubidi usogeze alama shimo baada ya shimo hadi ufike unapopataka, ubonyeze, uchague upande, ubonyeze tena, na mpinzani wako wakati huo ameshakusoma nia na anaanza kukutania. Sijui mtu aliyejifunza bao barazani atakayevumilia hayo. Michezo ya mikakati, ya mafumbo, ya karata na ya ujenzi yote ina asili hiyo, na ni mingi mno, wala hatuwezi kuiita ya pembezoni.

Kinachoniuma ni kwamba hatuzungumzii kampuni isiyojua. Kampuni ya Tiger ilikuwa imejaribu kuweka kioo cha kugusa kwenye mashine yake ya Game.com mwaka 1997, na hakuna aliyejali, lakini Nintendo DS ya mwaka 2004 ndiyo iliyoifundisha dunia nzima kwamba mashine ya gemu inaweza kuguswa. Ilitoka na kalamu yake ubavuni, karibu miaka mitatu kabla ya iPhone kuingia madukani, na ikauza zaidi ya mashine milioni 150. Kioo chake cha chini kilifanya kazi kwa mgandamizo: tabaka mbili zinazokutana pale unapobonyeza, kwa hiyo ukucha, kalamu, hata ncha ya kijiti cha plastiki vyote vilitosha, na usahihi wake ulikuwa wa kuandikia. Katika mchezo wake wa The Legend of Zelda: Phantom Hourglass wa mwaka 2007 uliweza kufungua ramani ya bahari na kuiandika kwa mkono wako mwenyewe, mshale hapa, alama ya hatari pale, na mwandiko wako mbaya ukabaki hapo hadi mwisho wa safari. Mchezo mwingine, Etrian Odyssey, ulikwenda mbali zaidi, kwani ramani haikuwepo hadi uichore wewe. Mtu aliyewahi kucheza hivyo hawezi kusikia kwamba kioo cha kugusa ni njia nyingine tu ya kubonyeza “Sawa” akanyamaza.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba kuna sababu ya watu kuchoshwa na kugusa. PlayStation Vita, mashine ya mkononi ya Sony iliyoanza kuuzwa Japani mwezi Desemba 2011, ilikuwa na kioo cha kugusa mbele na bamba la kugusa nyuma, na watengenezaji wa michezo wakajiona wana deni la kuvitumia vyote kila dakika. Katika mchezo wa Uncharted: Golden Abyss unapigana ngumi kwa kupangusa kioo, unasugua mkaa kwenye karatasi kwa kidole, na kuna mahali unapotakiwa kuelekeza kamera ya mashine kwenye mwanga mkali ili maandishi ya siri yaonekane. Ni ubunifu mzuri sana, hasa ukiwa kitandani usiku na umeme wa mtaa mzima hakuna. Mambo ya namna hiyo ndiyo yaliyowafanya wachezaji wazito waite kugusa mzaha wa kitoto. Hata hivyo mashine hiyohiyo mwaka 2013 ilipata mchezo wa Tearaway, ambamo ukigusa bamba la nyuma vidole vyako vinachomoza ndani ya dunia ya karatasi kutoka chini ya ardhi, na hakuna kitufe duniani kingeweza kufanya hivyo. Tatizo halikuwa kugusa. Tatizo lilikuwa kukilazimisha kidole kufanya kazi ya kitufe.

Kwa nini basi Switch 2 haikuzingatia somo hilo? Jibu liko kwenye kile kitako cha kuunganishia na televisheni. Ukiiweka mashine humo, kioo kinazama nyuma ya plastiki na hakuna mkono unaokifikia, na kwa kuwa mashine inauzwa kwa ahadi kwamba mchezo uliouanza mkononi utauendeleza ukiwa kwenye kochi, hakuna mtengenezaji anayethubutu kujenga jambo la lazima juu ya kugusa. Kila kitu lazima kiwezekane kwa vitufe. Kugusa kunabaki kuwa nyongeza, na nyongeza ndiyo ya kwanza kukatwa bajeti inapobana. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa ile ya kwanza: VOEZ, mchezo wa muziki wa mwaka 2017, ilitoka ikiwa ya kugusa tu, lakini haukupita muda mrefu ikaongezewa njia ya vitufe. Super Mario Maker, mchezo wa kujijengea viwanja vya Mario, ilizaliwa mwaka 2015 ikiwa na kalamu kwenye Wii U, mashine ya Nintendo iliyotangulia Switch, lakini toleo lake la pili lilipofika Switch mwaka 2019 lilipoteza kalamu ile. Ukiishika mkononi unapanga matofali kwa kidole kinachofunika tofali lenyewe, na ukiiweka kwenye televisheni unahangaika na vijiti. Hata Switch Lite ya 2019, ambayo haiunganishwi na televisheni kabisa, haikuponya hali hiyo, maana michezo ilikuwa ileile.

Kwa hiyo kioo cha kugusa cha mashine hii kimekuwa kama vyombo vya wageni kwenye kabati la sebuleni: kila mtu anajua vipo, vimelipiwa, na familia inakula kwenye sahani za plastiki.

Badala yake tumepewa kipanya. Unachomoa kidhibiti, unakilaza ubavu, unakisugua mezani au kwenye paja, nacho kinakuwa kipanya cha kompyuta. Nilikuwa tayari kukidharau, lakini lazima niseme kwamba kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia, hata juu ya suruali, na mchezo wa mkakati kama Civilization VII unachezeka nacho kwa raha. Swali langu ni moja: kipanya hiki ni cha mtu wa namna gani? Ni cha mtu aliyeketi, mwenye meza, aliyeisimamisha mashine mbele yake na mkono mmoja uko huru. Mimi ninayetaka kucheza nikiwa nimesimama kwenye foleni ya benki, au nimebanwa kwenye kiti cha daladala kati ya dirisha na mama mwenye ndoo, naulizwa meza yangu iko wapi. Mashine ya mkononi imepewa kifaa cha kuelekezea kinachohitaji fanicha, ilhali kifaa cha kuelekezea ambacho kila binadamu amezaliwa nacho kimeachwa kikigusa picha za menyu.

Najua nitaambiwa kwamba wenzetu wanaotengeneza mashine hizi hawatufikirii sisi, na kwamba nchi nyingi zenye soko kubwa zina televisheni kubwa sebuleni. Ni kweli. Lakini huo ni utetezi wa ajabu kwa kifaa kinachotangazwa kwa picha za vijana wakiwa safarini. Tena kizazi cha huku kilijifunza kompyuta kwa kidole. Wengi hawakuwahi kupitia kipanya wala padi, walianzia moja kwa moja kwenye simu ya kupangusa. Ukimpa mtu wa aina hiyo mchezo wa mafumbo usioitika kidole, umempa kazi ya kujifunza lugha ya pili ili aombe maji.

Mengine yananiudhi kwa ufupi. Kuna mchezo unaoitwa Welcome Tour ambao kazi yake ni kukueleza mashine uliyoinunua, nao unauzwa dola 9.99, kwa hiyo sasa hata kijitabu cha maelekezo kina bei. Baadhi ya kadi za michezo hazina mchezo ndani, ni ufunguo tu wa kukuruhusu uupakue, na anayelipia bando kwa GB atajua hilo lina uzito gani. Tanzania haimo katika orodha ya nchi zinazohudumiwa na duka lake la mtandaoni, hivyo akaunti unaifungua kwa nchi ya watu na malipo unatafuta njia zako. Kadi za kumbukumbu za zamani hazikubaliki kwa kuendeshea michezo yake. Inataka microSD Express, aina mpya ya kadi yenye kasi zaidi, ambayo ni ghali na madukani kwetu bado ni ya kuulizia. Na kile kinailoni chembamba juu ya kioo kimewekwa kiwandani kuzuia vipande visitawanyike kioo kikivunjika, kwa hiyo usimruhusu fundi wa protekta akibandue akidhani ni uchafu wa usafirishaji.

Kwa walioniuliza kama wanunue: bei yake ya Marekani ilipotoka mwaka 2025 ilikuwa dola 449.99, yaani zaidi ya shilingi milioni moja kabla ya usafiri na faida ya muuzaji. Mwenye televisheni nzuri, intaneti ya uhakika na hamu ya Mario Kart na Donkey Kong Bananza hatajuta, na wala simzuii. Anayetaka mashine ya kushika mkononi tu, akiwa na matumaini kwamba kioo kikubwa hivyo kitakuwa na kazi ya kufanya, atafute DS, au 3DS iliyoirithi, iliyotumika lakini nzima, yenye kalamu yake, na ahakikishe kioo cha chini hakijachakaa kabla hajatoa hela.